Kikohozi cha Baba Mkwe

Baba mkwe wangu nusura afe kwa sababu ya heshima. Watu wakinisikia nasema hivyo hudhani natania, kwa kuwa mimi ni mtu wa utani, lakini jambo lenyewe lilitokea sebuleni kwangu Mbalizi, mchana kweupe, sufuria ya ndizi ikiwa bado inafuka jikoni. Kilichomkaba ni kipande cha nyama. Kilichosababisha ni kandambili zangu.

Mume wangu ni Mnyakyusa wa upande wa Tukuyu, mimi ni Mhehe niliyekulia Nyololo, pale barabara kuu inapopita. Kwao, mke wa mtoto anamwogopa baba mkwe, na baba mkwe naye anamwogopa mke wa mtoto. Si woga wa ugomvi. Ni kwamba hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, na wakiona wanaelekea kukutana njiani mmoja anaingia mgombani mpaka mwenzake apite. Siku hizi wengi wamelegeza, hasa waliohamia mjini. Baba mkwe wangu hakulegeza hata kidogo. Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa namjua kwa mgongo wake, kwa kofia yake na kwa kikohozi chake.

Kikohozi ndicho kilichokuwa salamu yetu. Mzee akitaka kutoka chumbani, au akisikia nyayo za mkwe zinakaribia, hukohoa. Maana yake ni kwamba nipo hapa, tafadhali pitia kwingine. Nami nikisikia nageuka, napitia mlango wa nyuma. Kilikuwa kikohozi kizuri, kifupi, kizito, cha mtu aliyeimba besi kwenye kwaya ujana wake wote. Ukikisikia mara moja huwezi kukichanganya na cha mwingine.

Sasa, huyu mzee aliposikia kwamba mwanawe anataka kuoa Iringa, alisema mbele ya ndugu zake kwamba wasichana wa huko ni wakali na hawajui kumwogopa mkwe. Neno lile lilinifikia kabla hata sijashonewa gauni. Siku ya harusi shemeji zangu walimfungia mbwa wao ndani, wakasema wamesikia Wahehe tukimwona mbwa tunawaza mchuzi. Nilicheka nao mpaka mbavu zikauma, maana huo ni utani wetu wa kawaida. Lile la mzee sikulicheka. Ukali ninao, sikatai, ila niliapa moyoni kwamba kwenye heshima hatanipata. Nilitaka siku moja huyo mzee arudi kwa ndugu zake na kuwaambia kwamba alikosea.

Kwa hiyo alipokuja kukaa kwetu ili ahudhurie kliniki ya macho mjini, nilijiandaa vilivyo. Mume wangu anafanya kazi gereji na huondoka asubuhi, mtoto wetu huwa shuleni mchana, na mama mkwe alibaki kijijini na ng'ombe wake. Tulikuwa tunabaki mimi, mzee na paka. Mimi nashona nguo kwenye kibaraza cha nyuma, mzee anakaa sebuleni akisikiliza redio, na kati yetu kuna korido na pazia.

Tatizo likawa mawasiliano. Siruhusiwi kumsemesha, yeye haruhusiwi kunisemesha, na chai lazima inywewe. Nikaamua kumtumia paka. Nasimama nyuma ya pazia, nasema, "Paka, mwambie babu chai iko tayari, anakuja kuiweka mtu asiyeonekana." Mzee anakohoa, anaingia chumbani kwake, mimi naweka chai, natoka. Siku ya kwanza hakujibu. Siku iliyofuata nikiwa kwenye cherehani nikasikia ile besi kutoka sebuleni, "Paka, mwambie mama chai haina sukari." Nilicheka mpaka uzi ukakatika. Paka mwenyewe hakuwahi kufikisha ujumbe wowote, lakini nyumba iliendelea vizuri.

Kabla sijafika kwenye siku yenyewe, niseme kwamba kukabwa na chakula nakujua. Utotoni nilikuwa namsaidia mama yangu kuuza mayai ya kuchemsha kwa abiria pale Nyololo. Kazi ile ilikuwa na sheria moja tu, kwamba basi likisimama sauti yako ifike dirishani kabla ya sauti za wenzako. Siku moja nilikuwa nimekaa juu ya ndoo nakula yai langu la mchana, basi likaingia. Nikafungua mdomo niite, yai likiwa bado limo. Ili mtu aite lazima kwanza avute hewa. Nilivuta, na kile kiini kikavu kikaenda nayo.

Watu hufikiri anayekabwa hupiga kelele. Hapigi. Mtu aliyepaliwa na chai hukohoa, hulalamika, hupigwa mgongoni huku watu wakicheka. Aliyekabwa hasa ananyamaza kimya. Nilikuwa naisikia injini ya basi, nawasikia wenzangu wakiita mayai, mayai, na mimi mlango umefungwa, hakitoki kitu na hakiingii kitu. Halafu miguu yangu ikafanya kitu ambacho sijakielewa mpaka leo. Badala ya kumkimbilia mama, ilinikimbiza nyuma ya kibanda, mbali na watu, kana kwamba kufa ni jambo la aibu.

Mama aliniona. Aliacha ndoo, akanifukuza, akanidaka kwa nyuma ya sweta na kunipiga katikati ya mabega. Lile halikuwa kofi la mapenzi. Yai likatoka. Hapo sikuvuta pumzi mimi, pumzi ilijivuta yenyewe. Nilikohoa, nikatapika, nikatokwa machozi na kamasi, kwikwi zikafuata, na chini nako nikagundua nimelowa. Mwili wangu ulikuwa umeshika usukani bila kuniuliza, ukafungua kila bomba lililokuwepo. Mama alinitazama mpaka akahakikisha napumua, akanifuta uso kwa khanga yake, akarudi kwenye basi kwa sababu lilikuwa halijaondoka. Nilimwona akiuza huku akigeuka kunitazama. Tangu siku hiyo, mtu akinyamaza ghafla wakati wa kula, mimi huacha kijiko.

Basi, siku hiyo ya Mbalizi nilikuwa nimepika ndizi kwa nyama. Ndizi zilikuwa za kwao, mama mkwe alizituma, laini kabisa. Nyama ilikuwa ya ng'ombe aliyeishi maisha marefu. Niliichemsha asubuhi yote na bado ilikuwa na msimamo wake, na mzee naye magego yalikuwa yamemuaga zamani. Tukafuata utaratibu wetu wa paka, nikaweka bakuli mezani, nikarudi kwenye cherehani. Nilisikia kijiko kikifanya kazi nikafurahi. Nikaona nimwongezee mchuzi kidogo, mchuzi ulikuwa umekolea. Nikachota kwenye kibakuli, nikaingia kwenye korido.

Kwa kawaida nikikaribia sebule naburuta kandambili ili mzee anisikie mapema. Siku hiyo mawazo yangu yote yalikuwa kwenye mchuzi usimwagike, nikatembea taratibu. Mzee alinisikia nikiwa nimeshafika kwenye pazia. Kumbe mdomo wake umejaa nyama. Mtu mwingine yeyote nchi hii angetafuna kwanza. Yeye alijua mkwe yuko hatua moja kutoka mlangoni na hajaonywa, kwa hiyo akafanya alichofanya maisha yake yote. Akavuta hewa ili akohoe.

Nikasikia kikohozi kinaanza, kisha kikakatika katikati.

Na mimi, mkwe mwema, nikarudi nyuma. Nikageukia ukuta na kibakuli changu, nikasubiri kikohozi kimalizike. Hakikumalizika. Nikasema, "Paka, mwambie babu naleta mchuzi." Kimya. Kijiko kikaanguka sakafuni. Kiti kikaburutwa. Halafu kimya tena, na kimya hicho nilikuwa nakifahamu.

Nisiseme uongo, nilisita. Nilijiambia kwamba huenda mzee ameangusha kijiko tu na sasa anainama kukiokota. Nikifungua pazia nikamkuta analamba mfupa, basi yale aliyowaambia ndugu zake nimeyathibitisha mwenyewe, msichana wa Iringa amemvamia mkwe akiwa anakula. Habari ingefika Tukuyu kabla ya jua kuzama. Nisipofungua, na kimya kikawa ni kile cha Nyololo, mume wangu akirudi jioni nitamwambia nini? Mchuzi wa moto ulikuwa unanimwagikia kwenye kidole gumba na wala siusikii. Nikaona mkono wangu mwingine umeshalishika pazia. Sikumbuki kuutuma.

Mzee alikuwa amesimama, mikono yote miwili shingoni, uso umebadilika rangi, macho yamemtoka. Hiyo ndiyo mara ya kwanza tulipotazamana. Ana macho kama ya mume wangu, na sikuwahi kujua.

Aliponiona, akakimbia.

Naomba nieleweke. Mtu hana pumzi, kifo kimemshika koo, na bado alipomwona mkwe wake amesimama mlangoni alinipa mgongo na kuzunguka meza ili asinitazame. Nikatupa kibakuli, nikamfuata. Akazunguka upande wa pili. Nikamwambia, "Baba, simama." Hilo ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia, na lilikuwa amri. Akatikisa kichwa, akaninyooshea kidole kuelekea korido, yaani nitoke. Stuli ikaanguka. Paka akaruka juu ya kabati la televisheni. Mzee akafika mlango wa mbele akaanza kuhangaika na komeo, na lile komeo linataka ulijue. Hapo ndipo nilipomdaka.

Nilimpiga mgongoni kama mama yangu alivyonipiga. Haikutoka. Nikapiga tena, kwa nguvu zaidi, na haikutoka. Magoti yake yakaanza kulegea, na nilipoona anakwenda chini nikamkumbatia kwa nyuma. Nesi wa kliniki ya kina mama aliwahi kutuonyesha, ngumi juu ya kitovu, chini ya mbavu, unavuta kwa ndani na juu. Nilikuwa nimelisahau somo lenyewe, mikono haikusahau. Mzee alikuwa mwepesi mno, mwepesi kuliko nilivyodhani kutokana na ile sauti, na nilizisikia mbavu zake chini ya mikono yangu. Nikamvuta mpaka miguu ikaacha sakafu. Nikamvuta tena. Nyama ikaruka, ikagonga mlango, ikaanguka.

Halafu ikaja ile sauti ya hewa inayoingia kwa nguvu, ndefu, kama mlango usiotiwa mafuta. Sijawahi kusikia wimbo mzuri kuliko huo. Na baada ya pumzi hiyo, kikohozi. Kile kilichobaki nusu njiani kikaja chote, kikaja na jamaa zake, na mzee akakohoa mpaka kofia ikadondoka.

Nikamketisha sakafuni, mgongo ukutani. Machozi yalikuwa yanamtiririka, kamasi pia, na kwikwi zikaanza, moja baada ya nyingine, na kila moja ilimrusha mabega. Mimi nilikuwa nimekaa chini karibu naye, na ghafla nikaanza kucheka. Sikuwa nimefurahi, nilikuwa bado na hofu tele, lakini kicheko kilitoka chenyewe na kila nikikizuia kinazidi. Mzee anapiga kwikwi, mimi nacheka. Paka akashuka kutoka kabatini, akainusa ile nyama, akaibeba akaenda nayo chini ya meza.

Mzee akageuza uso ukutani. Kwa sauti iliyokwaruzika akasema, "Paka." Kwikwi ikamkata. "Mwambie mama, ndaga."

Ndaga ni asante kwa Kinyakyusa. Paka alikuwa anatafuna na hakusikiliza. Nikaokota kofia, nikaiweka karibu na mkono wake bila kumgusa, nikatoka kwa mlango wa nyuma kama mkwe anavyopaswa kutoka. Nilipofika kwenye cherehani nikalia.

Mchana ule wote mzee alijifungia chumbani. Mume wangu aliporudi nikamweleza kila kitu, nikitegemea atanishika mkono au angalau atakaa chini. Akabaki amesimama na mfuko wa mkate.

"Umemshika baba?" akauliza.

"Nimemshika."

"Wapi?"

"Tumboni. Kwa nyuma."

"Mungu wangu," akasema, na hapo ndipo alipokaa.

Hasira zikanipanda. Nikamwambia angeanza kuniuliza kama baba yake anapumua. Akasema kupumua amemsikia anapumua, amempitia chumbani, na mzee amemwambia kesho anarudi nyumbani, kliniki basi. Begi ameshalifunga. Nimemtoa huyu mzee kwenye mikono ya kifo, na malipo yangu ni begi. Sasa atafika kwao, watamuuliza mbona umerudi mapema, naye atasema nini?

Mume wangu akampigia mama yake na kuweka sauti kubwa ili nami nisikie. Alizunguka sana kabla ya kufika kwenye jambo. Mama mkwe akamkatisha.

"Baba yako anapumua?"

"Anapumua, mama."

"Sasa shida nini?"

"Mke wangu amemkumbatia."

Kisha tukasikia kicheko, kicheko cha mwanamke aliyekaa na mtu asiyetafuna chakula kwa miaka mingi. Alicheka mpaka naye akapaliwa, tukawa tunamsubiri amalize kukohoa. "Mimi namwambia kila siku tafuna," akasema. "Na alikimbia, enhe? Alizunguka meza?" Mume wangu akanitazama, nikatikisa kichwa kukubali. "Amezunguka, mama." Akacheka upya. Baadaye akatulia. "Mwambie mkwe wangu nimemshukuru sana. Haya mengine ya kushikana, mwenye mila ni baba yenu. Aseme yeye mwenyewe." Akakata.

Asubuhi mume wangu akaenda gereji, akasema atarudi saa nne kumpeleka mzee stendi. Nikachemsha viazi vitamu, nikachemsha chai, nikaweka sukari ya kutosha. Niliingia kwenye korido naburuta kandambili kwa kishindo ambacho hata majirani wangejua nakuja. Nikafika kwenye pazia nikasimama, nikisubiri kikohozi.

Hakikuja. Nikaburuta kandambili tena nikiwa nimesimama palepale. Hakuna. Sikusita tena, nikalivuta pazia kwa nguvu.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti, begi miguuni, kofia magotini, mikono juu ya kofia. Mdomo ulikuwa mtupu. Kiti chake alikuwa amekigeuza kikaelekea kwenye pazia.

"Sijakohoa," akasema. Alikuwa ananiambia mimi. Paka hakuwepo.

"Nimeona, baba."

Akatazama kofia yake. "Jana nilikuwa nakufa," akasema, "na nikakuona umekuja, nikakimbia."

"Hata mimi nilishawahi kukimbia," nikamwambia. "Utotoni. Mama akanikimbiza."

Akalifikiria hilo. "Kule nyumbani mchana nipo peke yangu. Mama yenu anakuwa kwenye ng'ombe wake." Akaigeuza kofia. "Nikikwama tena kule, nani atanikimbiza?"

Nilikuwa nimesimama na sinia, viazi vinafuka usoni kwangu, na machozi yameshaanza bila ruhusa yangu. Akasukuma begi kwa mguu mpaka likaingia chini ya kiti.

"Weka chai," akasema. "Kisha kaa."

"Nikae wapi, baba?"

Akaonyesha kiti cha dirishani. "Pale. Nikila, nataka uwe unaniona."

Nikakaa. Sikumtazama usoni moja kwa moja, nilielekea dirishani kidogo, naye alielekea ukutani kidogo, kila mtu akibakiza heshima aliyoweza. Akachukua kiazi, akakimega vipande vidogo sana kwa vidole, akaweka kimoja mdomoni. Alitafuna mpaka nikaanza kuhesabu maua kwenye pazia. Akameza, akavuta pumzi, akanigeukia.

"Kimepita," akasema.

Nikamwambia paka ampe babu kiazi kingine. Halafu nikakumbuka paka hayupo, nikasimama nikampa mwenyewe.